Ng'ombe Tisa wa Lingeka

Kijiwe chetu cha Somanda kina benchi moja la mbao, na mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa tyubu. Liko kati ya steshenari yangu na jiko la mkaa la Eufrasia, anayeuza kahawa na kashata. Mbele yake bodaboda hupangwa kwa foleni kusubiri abiria wanaotoka hospitali. Asubuhi ile benchi lilikuwa na watu watatu. Kulikuwa na Mwandu, ambaye tunamwita Dola kwa sababu aliwahi kuwa mhudumu wa hoteli Mwanza na alichorudi nacho ni mchezo wa poka. Kulikuwa na Mzee Marcelo, jina la kijiweni Mnada, dalali wa ng'ombe aliyestaafu kila kitu isipokuwa mdomo. Na kulikuwa na Mboje, tunayemwita Saitimira, maana akiwa kwenye pikipiki hutazama nyuma kuliko mbele. Mimi wananiita Takwimu, kwa nilichosomea chuo kikuu. Nilikuwa kwenye kiti changu cha plastiki mlangoni, nyuma kidogo ya bega la Mboje, na ndiyo maana niliziona karata zake.

Alikuwa na saba na mbili, na hazikuwa hata za rangi moja. Kwenye poka hakuna mwanzo mbaya kuliko huo. Nililimeza funda la kahawa nililokuwa nimelishikilia mdomoni ili uso wangu usiseme kitu.

Kwa asiyeujua mchezo, uko hivi. Kila mtu anapewa karata mbili anazozificha, halafu karata tano zinafunuliwa katikati, moja baada ya nyingine, na hizo ni za wote. Mwenye mchanganyiko bora anashinda. Ila kuna njia ya pili: unasukuma vizibo vyako vya soda mbele kwa kujiamini mpaka mwenzako anaogopa na kutupa karata zake. Hapo umeshinda na hakuna anayejua ulikuwa na nini. Dola anaita kuchimba mkwara. Sisi pia tunaita hivyo, na hatukuhitaji kwenda Mwanza kujifunza.

Siku ile hatukuwa tunacheza kujifurahisha. Saa nane mchana baba wadogo wawili wa Goodness, mchumba wa Mboje, walikuwa wafike Ngulyati kutoka Mkula kuangalia zizi la Mzee Masalu, baba yake Mboje. Kule Mkula, kwenye kikao cha mahari, mshenga alikuwa ametaja ng'ombe ishirini. Zizini walikuwamo kumi na mmoja. Tisa waliobaki mshenga aliwaweka Lingeka, kijiji cha mbali, kwa mdomo tu. Mshenga mwenyewe alikuwa Dola.

Dola: Nimekwambia, Saitimira. Huu mkono wa karata ndio mtihani wako. Ukinitoa mimi kwa mkwara hapa kwenye benchi, wazee wawili wa Mkula hawakusumbui.

Mboje: Na nikishindwa?

Dola: Ukishindwa, unachukua simu, unawapigia, unasema tuna kumi na mmoja, samahanini kwa usumbufu. Unatupa karata. Unaoa mwakani au huoi.

Mboje: Babu yake alishasema. Kama ni chini ya ishirini, wasipande gari.

Mzee Marcelo: Basi hakuna cha kupiga simu. Mwanamume hatupi ng'ombe ambao ameshawataja.

Eufrasia: Ng'ombe wenyewe hawapo, Mnada.

Mzee Marcelo: Kutaja ndiyo nusu ya kuwa nao. Mimi nimeuza ng'ombe miaka yote, najua.

Dola alifunua karata tatu katikati: kingi, sita na kumi. Hakuna iliyomsaidia Mboje. Dola akasukuma vizibo vitano, taratibu, kama mtu anayepanga sahani kwa mgeni wa heshima. Mboje akashika mkanda wa helmeti yake iliyokuwa gotini. Anaushika kila akiogopa. Nilitaka kumwambia auache, lakini Dola alikuwa ananitazama mimi.

Dola: Takwimu, geukia dukani. Uso wako unatangaza kama redio.

Mimi: Sijasema neno.

Dola: Ndiyo maana nakwambia geuka.

Niligeuza kiti nusu. Mboje naye akasukuma vizibo vitano, na mchezo ukaendelea.

Mzee Marcelo: Sikilizeni. Tunaazima tisa. Mahona jirani yenu ana zizi limejaa. Tunawahamisha saa saba, wageni wanahesabu saa nane, saa kumi ng'ombe wamerudi kwao. Kazi ya mchana mmoja.

Mboje: Ng'ombe wa Mahona wana hereni za namba masikioni, Mzee. Na wa kwetu wanazo. Namba haziendani.

Mzee Marcelo: Tunapaka tope masikioni.

Eufrasia: Kiangazi hiki, tope la wapi? Utaleta maji ya bomba uwatengenezee ng'ombe wa watu tope?

Mzee Marcelo: Basi tunawasubirisha wageni mpaka jioni. Wanakula, wanakunywa, wanasifiwa. Ng'ombe wanaingia zizini jua likizama, vumbi limetanda. Wale kumi na mmoja wanapita mbele, wanazunguka nyuma ya nyumba, tisa wao wanapita tena. Hakuna mzee wa Mkula mwenye macho ya kuona ndani ya vumbi la Ngulyati.

Mboje: Yule mwenye baka jeupe usoni watamkumbuka.

Mzee Marcelo: Huyo asizunguke.

Dola: Mnada, wewe bado uko enzi za fimbo. Mimi ningerekodi sauti. Spika ya bluutuu, naiweka nyuma ya ua wa pili. Wageni wakikaa tu, ng'ombe wanalia nyuma. Unasema, hao ndio wameletwa kutoka Lingeka usiku, wamechoka, tusiwasumbue.

Eufrasia: Na spika ikiingia tangazo la kifurushi?

Dola: Naiweka simu kwenye hali ya ndege.

Mzee Marcelo alitikisa kichwa kwa dharau ya mtu wa kazi.

Mzee Marcelo: Sauti ni uongo wa kitoto. Jenga zizi la pili la miiba, limwagie mavi mabichi, liache tupu. Unasema, wametoka kwenda kunywa maji. Zizi tupu lenye mavi mabichi lina ng'ombe wengi kuliko zizi lenye ng'ombe. Kila mtu anawahesabu anavyotaka.

Eufrasia: Na mavi yenyewe utayaazima kwa nani?

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Mboje alicheka. Kisha Dola akafunua karata ya nne katikati, ikawa nne, na kicheko kikakauka.

Nisiseme nilikuwa nimekaa tu. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba mkwara una hesabu yake, kwa hiyo nilijiona nina lawama. Niligeuka.

Mimi: Mboje, swali la mkwara siyo una karata gani. Swali ni unayemchimbia anaweza kutupa au hawezi. Mtu anayeogopa, mkwara unamtoa. Mtu asiyeweza kutupa, hata ungekuwa na mkwara mzuri wa namna gani, anakungoja mpaka mwisho akuone.

Dola: Wazee wa Mkula wanaweza kutupa.

Mimi: Wanapanda gari kutoka Mkula kuja kuangalia zizi. Hao wanakuja kuona. Hawatupi.

Dola: Chuo kinafundisha woga. Mimi hotelini nimemwona mgeni mmoja hana kitu mkononi, hana kabisa, kasukuma vizibo vyote. Watu wanne wakatupa. Unajua kwa nini? Hadithi yake ilikuwa moja tangu mwanzo. Hakuyumba. Mkwara ni hadithi. Tulisema Lingeka, tunakaa Lingeka. Hatuhamii kwenye tope, hatuhamii kwenye spika.

Mzee Marcelo: Spika ni yako.

Dola: Nimeshaiacha.

Hapo lazima nikubali Dola alikuwa na hoja. Huku kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia au malisho yakikauka, asiangamie. Baadhi huwapeleka kwa jamaa wa mbali, yule jamaa anawachunga na kunywa maziwa, na mwenye ng'ombe anabaki mwenye ng'ombe. Kwa hiyo hakuna ajuaye mwenzake ana wangapi, na ukimwambia mtu kwamba wengine wako mbali, ni utovu wa adabu kukukatalia. Dola aliichagua Lingeka kwa makini. Iko Meatu, upande wa pili kabisa. Ukoo wa Goodness wote ni Mkula: babu yake, baba yake, baba zake wadogo, binamu zake. Wenzangu walikuwa wameuhesabu mji kwa mji, na hapakuwa na hata mmoja anayeishi kule.

Mboje: Nampenda yule binti, Takwimu. Sitaki kuanza naye kwa uongo, na sitaki kutoanza naye.

Alisema kwa sauti ya chini, akiangalia karata zake mbili kana kwamba zingebadilika. Takwimu haina sura inayohusu jambo hilo.

Dola akafunua karata ya tano, ya mwisho. Jeki. Katikati sasa kulikuwa na kingi, jeki, kumi, sita na nne. Mboje hakuwa na pea, hakuwa na mfuatano, hakuwa na rangi. Dola akasukuma vizibo kumi zaidi, akafuta mikono kwenye suruali.

Dola: Mtihani huo. Chimba au tupa.

Mboje akashika mkanda wa helmeti.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuja akitokea upande wa stendi. Alikuwa mtu mzima, amejifunga kitenge juu ya gauni, na begi dogo begani. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la safari. Alikaa kwenye ncha ya benchi iliyokuwa wazi.

— Mwangaluka.

— Mwangaluka, mayu, tukaitikia wote.

— Naomba kikombe kimoja nipumue, halafu mmoja wenu anipeleke.

Eufrasia akammiminia. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi, maana kwenye foleni zamu ilikuwa ya Mboje na Mboje alikuwa kwenye mtihani. Dola akamtazama yule mama, na nikaona uso wake unapata wazo. Mawazo ya Dola yana uso wake maalumu.

Dola: Mama, samahani. Wewe ni mtu mzima na hutujui, utatusaidia kuamua. Kuna kijana mmoja anaoa.

Mama: Vizuri.

Dola: Mahari ng'ombe ishirini. Wakwe wanatoka Mkula huko, leo, kuja kuangalia. Zizini wanakuta kumi na mmoja. Wanaambiwa tisa wanatunzwa Lingeka. Wewe ungekuwa mkwe, ungeamini?

Mama alipuliza kahawa yake. Alikunywa kidogo. Alimtazama Dola, akamtazama Mzee Marcelo, akamtazama Mboje na mkono wake kwenye mkanda wa helmeti.

Mama: Lingeka, kwa nani?

Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Tangu asubuhi tulikuwa tumeongelea tope, vumbi, spika na mavi, na hakuna aliyekuwa amejiuliza.

Dola: Kwa Mahona.

Mzee Marcelo: Kwa Nyanda.

Walisema kwa pamoja. Kisha Mzee Marcelo akakohoa na kusema kwamba Nyanda ni mdogo wake Mahona.

Mama: Mahona yupi? Mwenye mashine ya kusaga, au yule aliyehamia Mwanhuzi?

Dola alifikiri kidogo sana. Kasoro ya kujiamini ni kwamba haikuachii muda.

Dola: Wa mashine.

Mama: Huyo hafugi ng'ombe. Ana kuku. Mwaka jana aliuza hata mbuzi.

Mboje akamgeukia yule mama.

Mboje: Mama unaifahamu Lingeka?

Mama: Nimeolewa huko. Watoto wangu wote wamezaliwa huko. Mimi ni Martha, kwetu ni Mkula.

Nikawaona wanaume watatu wakihesabu upya. Babu, baba, baba wadogo, binamu. Walikuwa wameuhesabu ukoo mzima wa wanaume, na hakuna aliyekumbuka kwamba ukoo una mabinti, na mabinti huolewa, na huolewa mbali. Na mimi niliyekaa pale na shahada yangu, mwanamke, nikasikiliza hesabu ile bila kuikosoa.

Martha: Kaka zangu walinipigia wiki iliyopita. Wakasema, huko kwenu kuna ng'ombe tisa wa mkwe wetu mtarajiwa, hebu waangalie wana hali gani. Nikauliza. Lingeka tunajuana kwa ng'ombe. Nimeuliza kisimani, nimeuliza kanisani, nimeuliza kwenye josho. Ng'ombe wa Mzee Masalu wa Ngulyati hakuna anayewajua. Nikasema labda wametajwa vibaya, nije mwenyewe nimsikilize mwenye mali.

Dola aliangalia vizibo vyake. Mzee Marcelo aligundua kwamba kamba ya kiatu chake imelegea, ingawa alivaa kandambili.

Mboje alisimama. Mkono wake ulikuwa umeuacha mkanda wa helmeti. Alizilaza karata zake mbili kwenye benchi, uso juu, mbele ya watu wote.

Mboje: Shangazi, kijana mwenyewe ni mimi. Naitwa Mboje, mtoto wa Masalu. Wa Lingeka hawapo. Tuna kumi na mmoja.

Dola: Saitimira, mkono haujaisha.

Mboje: Kwangu umeisha.

Martha hakushtuka. Nadhani alikuwa ameshajua tangu alipomwona anashika mkanda. Alimaliza kikombe, akakirudisha kwa Eufrasia, akashukuru kwa Kisukuma: wabeja. Kisha akauliza kwa sauti ile ile aliyoombea kahawa:

— Hao kumi na mmoja, majike wangapi?

— Saba.

— Wenye mimba?

— Wawili. Mmoja atazaa kabla ya mvua. Na yule mwenye baka jeupe usoni amezaa mwezi jana, ana ndama.

— Ndama mlimhesabu?

— Hapana. Tulihesabu wakubwa tu.

— Kiangazi mlipoteza?

— Wengi, shangazi. Tulikuwa na zaidi ya ishirini. Baba aliona aibu kusema, ndiyo maana wenzangu wakasema wako mbali.

Martha alilichukua begi lake, akaliweka begani vizuri. Safari hii alimgeukia Dola, kama mtu aliyekwishamjua mshenga bila kutambulishwa.

Martha: Majike saba, wawili wana mimba na mmoja ananyonyesha, baada ya kiangazi kilichomaliza mazizi hata kwetu. Kaka zangu wana wanne. Kwa nini hilo hamkulisema Mkula?

Dola alishusha kiganja juu ya karata zake. Mzee Marcelo aliendelea na kandambili.

Martha: Sisemi watakubali. Babu ni mgumu. Nasema mimi ndiye nitakayefika kwanza, na nitawaambia nilichokiona, kwa hiyo nionyeshe. Pikipiki ya nani iko mbele?

Mboje: Yangu, shangazi.

Martha: Basi washa. Na uendeshe ukitazama mbele.

Sijui nani alimwambia tabia yake ya kutazama nyuma. Walipoondoka, Mboje hakugeuka hata mara moja, wala hakukigusa kioo cha pembeni. Vumbi lao lilipotua, Mzee Marcelo alinyoosha kikombe chake kwa Eufrasia bila kumtazama. Eufrasia aliinamisha birika mpaka mwisho. Lilitoa tone moja na machicha.

Eufrasia: Imekwisha. Na maneno yaishe.

Karata zilikuwa bado kwenye benchi. Saba na mbili za Mboje zilikuwa wazi. Za Dola zilikuwa zimelala kifudifudi chini ya kiganja chake. Mimi siwezi kuacha hesabu nusu. Ni ugonjwa wangu.

Mimi: Dola, inua mkono.

Dola: Mchezo umeisha, Takwimu.

Mimi: Inua tu.

Aliinua. Nikazigeuza. Tano na tatu.

Mzee Marcelo: Hukuwa na kitu.

Dola: Nilikuwa na tano, na tatu, na katikati kuna nne na sita. Nilikuwa nangoja saba au mbili nifunge mfuatano. Zingekuja.

Mimi: Zisingekuja kirahisi. Saba moja na mbili moja alikuwa nazo Mboje.

Nilizipanga ili Mzee Marcelo aone, maana yeye huamini anachokiona. Kingi, jeki na kumi ni vya wote, hakuna wa kujivunia. Sita ni ya wote. Kwa kuwa hakuna mwenye pea, anashinda mwenye karata kubwa, na kinachobaki ni aliyo nayo mtu mkononi. Dola ana tano. Mboje ana saba.

Mzee Marcelo: Kwa hiyo angechimba mkwara, ungetupa?

Dola: Nisingetupa.

Mzee Marcelo: Na angetupa yeye?

Mimi: Angekuwa amemwachia Dola vizibo vyote, na Dola hana kitu. Kulikuwa na njia ya tatu. Angefikisha vizibo sawa na vya Dola, aseme tuonyeshane.

Mzee Marcelo aliinama karibu na benchi. Aliiangalia ile saba ya Mboje kwa muda, kama alivyokuwa akimwangalia ng'ombe mnadani kabla ya kutaja bei.

— Angeshinda? Kwa hii?

— Kwa hiyo hiyo.